Tronsonezi ya okazyo inakusumbua? Anza na dalili, visi za karburateri uziache kwanza

Hapa Bukavu tronsonezi (misumeno ya moteri) nyingi tunazipata okazyo (zilizokwisha kutumika), imeshapita mikono ya watu watatu wanne, imetoka Mwenga ama Shabunda kwenye kupasua mbao, ingine imekaa miaka mu depo bila kuguswa. Mtu anainunua, anafika nyumbani, anavuta kamba, haiwaki. Kitu cha kwanza anachofanya anachukua turnevisi kidogo na kuanza kuzungusha zile visi za karburateri. Anazungusha leo, kesho rafiki yake anazungusha, kesho kutwa jirani, mwishowe hakuna mtu anajua zilikuwa wapi, na mashine inaenda kuuzwa kilo kilo kama feraye. Inaniuma sana kuona vile ju mashine nyingi kati ya hizo shida yake ilikuwa filtiri chafu ama esansi mbaya, kazi ya nusu saa.

Kwa hiyo nimepanga hapa malalamiko yale yale watu wanayoleta kila mara, kila dalili na sababu zake, inayotokea sana njo naanza nayo, halafu zile za nadra. Fuata mpangilio, usiruke. Pale nimeandika SIMAMA, simama kweli.

KABLA YA DALILI YOYOTE: ESANSI NA KIMO CHA MAHALI

Tronsonezi ni moteri ya detan (ya mipigo miwili), haina karteri ya mafuta kama ya gari, mafuta yake ya kulainisha yanakuja ndani ya esansi. Ukisahau mafuta, ama ukiweka kidogo, pistoni inakwaruzika mu dakika chache na hapo hakuna kurudi nyuma. Mafuta mazuri ya detan mashine nyingi za sasa zinataka 1:50, maana yake mililita 20 kwa litre moja, mililita 100 mu bido la litre 5. Mashine za zamani, ama kama mafuta yako ni ya kawaida tu, vitabu vingi vya zamani vinaandika 1:25, yaani mililita 40 kwa litre. Usipime kwa macho wala kwa kifuniko cha chupa. Nenda farmasi nunua seringi ya mililita 20, seringi moja kwa litre moja ni 1:50, seringi mbili ni 1:25, rahisi hivyo. Mafuta ya moteri ya gari usiweke mule, yanaacha makaa mengi ndani.

Esansi yenyewe, kama unanunua ku kadafi (wauza esansi wa chupa na bido) pembeni ya barabara, ipime kwanza. Mimina kidogo mu chupa nyeupe uiache itulie, maji yanaenda chini utayaona. Halafu dondosha tone moja ku karatasi nyeupe, esansi safi inakauka na karatasi inabaki kavu, kama wameichanganya na petroli, namaanisha mafuta ya taa, inabaki doa la mafuta. Na mchanganyiko ukishapita mwezi mmoja mu bido usiutie tena mu tronsonezi, yale mabaki yake yanakauka ndani ya karburateri kama vernis.

Sasa kimo. Bukavu tuko karibu metre 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mashine iliyopangwa kwa nchi ya chini ikifika huku inakunywa esansi nyingi kuliko hewa, inatoa moshi, bugi (plagi) inakuwa nyeusi, nguvu inapungua. Hiyo haiuwi mashine. Kinachoua ni kinyume chake. Mtu anaipanga hapa Bukavu inalia vizuri kabisa, halafu anateremka nayo mlima wa Ngomo mpaka Kamanyola na Uvira, kule Uvira ni karibu metre 780 tu, hewa inakuwa nzito, esansi inakuwa kidogo kulingana na hewa, na esansi ikipungua mafuta ya kulainisha nayo yanapungua ju yamo ndani ya esansi. Mashine inalia juu, inasikika kama ina nguvu kuliko jana, na baada ya masaa machache pistoni imekwama. Ukiteremka uwanda wa Ruzizi na tronsonezi, fungua visi H (visi ya karburateri ya esansi ya moto wote, ile L ni ya moto mdogo) kidogo, robo ya mzunguko hivi, kabla ya kukata mti wa kwanza, halafu uisikilize. Ukirudi juu uirudishe.

Tena jambo moja, kazi ya esansi fanyia nje. Nyumba zetu nyingi ni za mbao na zimebanana, usimimine wala kusafisha karburateri ndani wala karibu na mbabula. Na kila ukitaka kugusa shene (mnyororo wa kukatia), toa kwanza kile kichwa cha waya ku bugi.

DALILI YA 1: HAIWAKI KABISA

Angalia swichi. Najua inasikika ya kitoto lakini ku mashine za okazyo swichi iko mara nyingi imelegea, imeandikwa imewashwa na kumbe ndani inagusana na mwili wa mashine. Halafu angalia kama kuna esansi (freni ya shene ikifungwa haizuii kuwaka, ila ukiongeza moto, yaani ukibonyeza akselerateri, na freni imefungwa unachoma ambriyaji, ile klachi).

Vuta kamba mara tano sita, starteri (ile ya kuziba hewa ya karburateri) imefungwa, halafu toa bugi uiangalie. Bugi njo inakuambia njia ya kufuata.

Bugi imelowana: esansi inafika, hata imezidi. Mashine imekunywa. Fungua starteri, geuza mashine tundu la bugi liangalie chini, vuta kamba mara kumi hivi iteme ile esansi, panguza bugi ikauke, rudisha, bonyeza akselerateri mpaka mwisho, vuta tena bila starteri. Wengi wanachoma bugi ku mbabula ili ikauke, siwezi kukushauri hivyo, mikono yako iko na esansi, panguza tu na kitambaa kikavu uiache juani.

Kama imelowana na bado haiwaki, tafuta moto wa bugi. Ichomeke ku waya wake, mwili wake uguse chuma cha silindri mbali na lile tundu (mvuke wa esansi unatoka pale, unaweza kulipuka usoni), washa swichi, vuta kamba kwa nguvu mahali penye kivuli. Unatakiwa kuona cheche ya bluu. Cheche nyekundu dhaifu ama hakuna kitu: badilisha bugi kwanza. Nafasi ya bugi ni mm 0.5, kama hauna kipimo chukua nyembe tano za kunyolea zile nyembamba za pande mbili, zibebanishe, zinakupa karibu mm 0.5. Bugi mpya pia haina moto? Toa waya wa swichi ku bobini (ile inayotengeneza moto wa bugi) ujaribu tena, ukipata moto basi swichi ama waya wake njo mbaya. Bado? Angalia nafasi kati ya bobini na volani (gurudumu lenye sumaku), inatakiwa mm 0.2 mpaka 0.3, unalegeza visi mbili za bobini, unaingiza kadi ya vizite katikati, sumaku inavuta bobini yenyewe, unakaza, unatoa kadi. Safisha kutu ku sumaku za volani na karatasi ya msasa. Baada ya hapo kama hakuna moto bobini imekufa, nunua ingine, haitengenezwi.

Bugi imekauka kabisa: esansi haifiki. Ndani ya tanki kuna filtiri ndogo mwishoni mwa tiyo, ivute nje na waya uliokunjwa kama ndoano (spoki ya baiskeli inafaa sana). Ikiwa nyeusi ama ngumu, badilisha, ni kitu cha bei ndogo. Tiyo yenyewe ikunje kati ya vidole, zile za zamani zinapasuka pale zinapoingia mu tanki, na ufa hauonekani mpaka uikunje. Halafu pumzi ya tanki, nitaieleza chini ku dalili ya 2.

Bado ni kavu? Sasa unaweza kufungua karburateri. Kabla ya kuitoa, chukua turnevisi, funga L polepole mpaka iguse, ukihesabu mizunguko, andika. Fanya vile vile na H. Usikaze, ncha yake ni laini, ukikaza unaharibu kiti chake. Ukishafungua utakuta kifuniko cha visi moja na kingine cha visi nne. Chini ya kile cha visi moja kuna chujio dogo kama kipande cha neti, mara nyingi limejaa vumbi la mbao na ile vernis ya esansi ya zamani. Chini ya kingine kuna membrani, iguse na kidole, inatakiwa kuwa laini kama ngozi ya puto, ikitoa sauti ya karatasi kavu imekwisha. Safisha matundu kwa spre ya karburateri ama esansi safi na pumzi, usichokoe na waya, tundu likipanuka hata kidogo karburateri haipangiki tena. Membrani na karatasi za kuziba zinauzwa pamoja kama seti moja, hakikisha namba iliyochapwa ku mwili wa karburateri inafanana. Ukirudisha, visi zote mbili ziache mzunguko mmoja wazi kutoka zilipogusa, huo ni mwanzo wa mashine nyingi. Kuna mashine za sasa zenye karburateri ya elektroniki, hazina visi hizo, usizitafute.

Sababu ya mwisho, na inayotisha, kompresyo. Shika mashine kwa kipini cha kamba peke yake, uiinue ininginie. Mashine nzima inateremka polepole, kwa kusimama simama. Ikiteremka moja kwa moja kama ndoo kisimani, pistoni ama segma (pete za pistoni) zimekwisha. Fundi mwenye kipimo atakuonyesha, bar 9 ama 10 kwenda juu ni vizuri, chini ya bar 7 kuwaka ni shida. Hii kazi ya kuinua na kamba fanya KABLA ya kulipa pesa ya okazyo.

Na kama unaweza, muombe mwenye kuuza akuachie kufungua eshapema (bomba la moshi), ni buloni mbili tatu tu. Vuta kamba polepole mpaka pistoni izibe lile tundu, mulika na taa ya simu. Pistoni nzuri inaonekana laini, ya kijivu, pengine bado ina mistari myembamba ya kulala ya kiwandani. Ukiona mikwaruzo ya kusimama upande wa eshapema peke yake, mashine ilikosa esansi ama ilichemka. Mikwaruzo upande wa karburateri ni vumbi, walikuwa wanaitumia bila filtiri. Imekwaruzika pande zote, waliiwekea esansi tupu bila mafuta. Hapo shusha bei sana ama uache. Inatengenezeka, pistoni mpya na segma, lakini ukibadilisha pistoni bila kutafuta kilichoiua, ile mpya itakufa vile vile.

DALILI YA 2: INAWAKA HALAFU INAZIMIKA

Ikizimika baada ya dakika tano kumi, na ukifungua kifuniko cha tanki unasikia "fsss" halafu inawaka tena: pumzi ya tanki imeziba. Esansi ikitoka hewa lazima iingie, ikikosa njia esansi haitoki. Ni kibomba kidogo ama kifuniko chenyewe, safisha ama badilisha. Watu wanauza mashine kwa ajili ya kitu hiki kidogo.

Ikizimika ukiachia akselerateri: ralanti (mzunguko wa moteri bila kubonyeza akselerateri) iko chini, ama filtiri ya hewa imeziba, ama visi L. Safisha filtiri kwanza. Halafu ongeza ile visi ya tatu, LA ama T, mpaka ikae bila shene kuzunguka. Ukibonyeza akselerateri ikasita ama ikafa, fungua L kidogo kidogo, moja ya nane ya mzunguko, ukisubiri kati.

Ikizimika ikishapata moto tu na ikipoa inawaka: bobini mara nyingi. Pima cheche pale pale ikizimika, bado ina joto, ukisubiri ipoe utaona moto mzuri na utajidanganya.

DALILI YA 3: INALIA VIZURI LAKINI IKIINGIA KU MTI INAKUFA

Filtiri ya hewa. Nasema tena, filtiri ya hewa. Ioshe na maji ya uvuguvugu na sabuni, ikauke kabisa, usiipige na kompreseri karibu karibu inatoboka. Usikate bila filtiri hata dakika moja.

Halafu eshapema. Ndani kuna kachujio ka chuma ka kuzuia cheche, mafuta mabaya yanakaziba na makaa. Katoe, kasugue na brosi ya chuma, lile tundu la silindri pia lina makaa, likwangue na kijiti cha mti, si chuma, pistoni ikiwa imeziba tundu ili makaa yasiingie ndani.

Halafu shene butu, tazama dalili ya 6, wengi wanalaumu moteri kumbe meno. Na kama yote hayo ni mazuri na mashine inatoa moshi mwingi na inaguruma kama imebanwa, H imefunguka sana kwa kimo chetu, ifunge kidogo sana. Ikiwa bila mzigo, moto wote, sauti inatakiwa kuwa na mkwaruzo kidogo, kama inakohoa kohoa, ikiingia ku mti inakuwa safi. Ikiwa safi kama filimbi hata bila mzigo, umefunga mno, fungua haraka.

DALILI YA 4: INAPANDA YENYEWE, INALIA JUU BILA KUBONYEZWA

SIMAMA. Zima. Haizimiki na swichi? Funga starteri, itajikunywea na kuzima.

Hii ni dalili ambayo watu wanaifurahia, "moteri imefunguka", na kumbe ni mashine iko inakufa. Maana yake hewa inaingia pasipopitia karburateri. Sababu ya kawaida ni ule mpira kati ya karburateri na silindri umepasuka ama klampi imelegea, huo unaweza kuuona mwenyewe, ukunje na vidole pande zote. Ya pili ni sili mbili za pembeni ya vilbreke (ile ekseli inayozungushwa na pistoni), mipira ya kuziba, imekauka. Namna ya kushuku: iko ralanti, igeuze kulia, kushoto, pua chini. Sauti ikibadilika sana kila ukigeuza, hewa inaingia mahali. Ya tatu ni karatasi ya kuziba chini ya silindri.

Usijaribu kuficha hii kwa kufungua H. Na usinyunyize esansi ku moteri inayozunguka kutafuta ufa, nimeona watu wanafanya, ni moto huo. Kama mpira ni mzima, hapa njo mwisho wa kazi ya nyumbani. Mpelekee fundi mwenye pampu ya kupima presha na kuvuta hewa, muulize kabisa kama anayo. Kubadilisha sili na rulema (beringi) za vilbreke bila vifaa vyake unaweza kupinda vilbreke yenyewe. Pale Kadutu, hapa Bukavu, kuna mafundi wengi wa pikipiki na jenereta, hodari kweli, lakini asiye na ile pampu atakisia tu.

DALILI YA 5: SHENE INAZUNGUKA MASHINE IKIWA RALANTI

Teremsha ralanti kwanza. Ikikataa, fungua ambriyaji, resori (springi) zake zimevutika ama zimekatika, viatu vinagusa kloshi (ule mfuniko wake unaozungusha shene) kila wakati. Buloni ya ambriyaji ku tronsonezi karibu zote inafunguka kinyume, upande wa saa, na watu wanaivunja kwa kutojua. Ili moteri isizunguke wakati unafungua, usiweke turnevisi mu tundu la bugi, inatoboa pistoni. Weka kamba laini, pistoni ikiwa inapanda na imeshapita matundu ya pembeni, kamba inajikunja juu yake na kuishikilia bila kuumiza kitu. Ukiwa pale, angalia rulema ya sindano ndani ya kloshi, itie grese, na pinyo (gurudumu la meno linalovuta shene) kama meno yake yamechimbika badilisha, pinyo mbaya inakula shene mpya.

Mpaka itengenezwe usitembee nayo ikiwaka.

DALILI YA 6: INATOA UNGA, INAKATA KOMBO

Hapa njo pesa nyingi inapotea. Shene kali inatoa makapi marefu marefu, butu inatoa unga, na wewe unaikandamiza, gide (ule upanga shene inapozungukia) inachemka, moteri inachemka.

Tupa lazima iwe ya kipimo cha shene yako. Shene ya .325 (namba hizi ni za inchi) inataka tupa ya mm 4.8, ya 3/8 kubwa mm 5.2 ama 5.5, ya .404, hiyo iko ku mashine kubwa za kupasua mbao, mm 5.5, na ile 3/8 ndogo ya mashine nyepesi mm 4.0. Namba mara nyingi imechapwa ku kile kijino kilicho mbele ya jino la kukata ama ku gide. Piga tupa kutoka ndani kwenda nje, mwendo mmoja, usirudishe ikikwaruza. Tafuta jino fupi kuliko yote, lile lililoumia, na yote mengine yafuate urefu wake. Pembe ni digrii 30 kwa kukata mti kwa upana. Lakini sisi wengi hapa tunapasua libuyu na kalitusi kwa urefu kupata mbao, kwa kazi hiyo pembe ya digrii 10 inakwenda laini zaidi na ubao unatoka sawa.

Ikikata kombo kwenda kulia, meno ya kulia ni marefu ama makali kuliko ya kushoto, sawazisha. Ikiendelea, gide imekula upande mmoja, isimamishe ku meza iliyonyooka, ikilala yenyewe mdomo wake hauko sawa. Igeuze juu chini kila ukinoa, itakula pande zote sawa.

Kile kijino cha mbele ya kila jino kinapima jino lichimbe kiasi gani, kiwe chini ya jino kwa mm 0.65 hivi. Wengine wanakishusha sana ili mashine "iume". Usifanye. Jino likichimba sana shene inashika, gide inarushwa juu kuelekea uso wako, haikupi nafasi ya kufikiri.

Na kama shene inakuwa butu haraka haraka, angalia mti. Magogo ya kalitusi yamekokotwa chini, maganda yamejaa mchanga, yachane kwanza na panga. Muvula unaweza kuwa na mawe ndani, kweli kabisa, chokaa iliyoganda ndani ya mti, jino likigonga linazimika pale pale, hiyo si kosa la shene.

DALILI YA 7: GIDE INATOA MOSHI, SHENE KAVU

Washa, elekeza ncha ya gide ku kipande cha karto, bila kugusa, ongeza moto. Mstari wa mafuta unatakiwa kuonekana ku karto. Hakuna? Toa gide, safisha lile tundu dogo la mafuta na mfereji mzima, hapo njo shida karibu kila mara. Halafu filtiri ya mafuta mu tanki yake. Halafu pampu, ni kijino cha plastiki kinachozungushwa na kloshi, kinakwisha.

Vidanji ya gari (mafuta yaliyotolewa moteri baada ya kutumika) usitumie. Imejaa unga wa chuma, inakula pampu, na inaruka ku ngozi yako siku nzima. Mawese nayo baridi ya asubuhi ya Bukavu inayagandisha ndani ya tiyo. Mafuta mapya ya moteri SAE 30 yanatosha.

DALILI YA 8: KAMBA HAIVUTIKI

Toa bugi uvute. Ikizunguka sasa, silindri ilikuwa imejaa esansi, rudi dalili ya 1. Haizunguki? Toa lanseri (kasha la kamba ya kuwashia), zungusha volani na mkono. Ikizunguka, shida ni lanseri, kamba imejikunja ama resori imekatika. Hiyo resori ukifungua kasha lake inaruka kama kisu, vaa miwani, watoto wakae mbali. Volani nayo haizunguki, pistoni imekwama, usilazimishe na kle kubwa, fungua eshapema uangalie kama nilivyoeleza.

Ikirudisha kamba kwa nguvu ikikuumiza vidole, ile klaveti ndogo ya volani (kichuma kinachoishikilia mahali pake) imekatika na bugi inawaka kabla ya wakati. Badilisha klaveti.

DALILI YA 9: FRENI HAISHIKI

Weka mashine juu ya gogo, imezimwa, sukuma kinga ya mkono mbele. Lazima usikie "tak" na shene isivutike na mkono (vaa glavu). Halafu ikiwaka, moto wa kati, sukuma tena, shene isimame mara moja. Kwanza safisha, unga wa mbao na mafuta unajaa kule ndani mpaka ukanda hauwezi kujikaza. Ukanda ukiwa umekuwa mwembamba ama una ufa, badilisha.

Mashine nyingi za okazyo freni ilitolewa kabisa, walioitumia zamani walisema inawasumbua. SIMAMA hapo, hata kama moteri inawaka mara ya kwanza, na usimkubalie mtu anayekuja kuiazima "dakika mbili tu". Tafuta kinga, ukanda na resori yake kwanza, hata kutoka ku mashine ingine iliyokufa ya aina ile ile, na kama kasha la freni limepasuka mpe fundi alifunge, usilishikilie na waya. Angalia pia kile kidole cha chuma ama plastiki chini ya gide mbele ya pinyo, kinachodaka shene ikikatika, ku nusu ya mashine za okazyo kimevunjika na hakuna aliyeona. Kinashikiliwa na visi moja.